Swichi Iliyong'aa

"…wote kumi na mmoja, Shangazi, wakaanza kujikuna kwa pamoja kama waliohesabiwa moja, mbili, tatu!"

Hiyo ilikuwa mara ya nne Mama Moshi kuisimulia tangu asubuhi, na kila akiisimulia walimu walizidi kujikuna. Mara ya kwanza walijikuna shingo tu. Sasa walishafika mgongoni, na mmoja alikuwa anajisugua kwenye nguzo ya mlango kama ng'ombe. Mama Moshi ndiye mpishi mkuu wa mgahawa ule, na mpishi mkuu ukimzimia moto jikoni kwake, nguvu zake zote hukimbilia mdomoni.

Shangazi aliandika: "Kumi na mmoja. Kujikuna. Nyuso kuwaka." Mgongo na nguzo aliviacha.

Tuelewane hapa, hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkaguzi wa afya wa manispaa. Jina hilo alipewa na wapishi wa mji mzima kwa sababu ya namna anavyoingia jikoni. Habishi hodi mara mbili, anafunua sufuria lisilo lake, anapitisha kidole juu ya rafu na kukitazama, kisha anauliza swali kwa upole mpaka unatamani akufokee. Ni kama dada wa mume aliyekuja kuona mdogo wake analishwa nini.

Siku hiyo alikuwa na mafua. Alimeza vidonge viwili asubuhi, na vidonge vile vilikuwa vimeulainisha ulimwengu wote. Jiko lilikuwa limefungwa tangu jana kwa amri yake mwenyewe, hakuna moto, hakuna mvuke, na mwanga mweupe ulikuwa unateremka kutoka madirisha ya juu taratibu kama unga unaochekechwa. Masufuria yalining'inia bila kugusana. Shangazi alijiona kama anatembea chini ya maji, viatu vyake viko mbali, sauti ya Mama Moshi inamfikia imeshazungukazunguka kwanza. Pua ilikuwa imeziba kabisa. Angewekewa samaki wa wiki mbili mezani asingejua.

Lakini huyu samaki hakuwa na harufu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Juzi Jumanne, saa saba mchana, walimu kumi na wawili walikuja kumuaga mwenzao anayestaafu. Kumi na mmoja waliagiza jodari wa kuchoma. Mstaafu, mwenye tumbo la wasiwasi, akaagiza kuku. Kabla ya chai kuletwa, kumi na mmoja nyuso zinawaka, midomo inawashwa, vichwa vinagonga, mioyo inakimbia. Mmoja alisema samaki alimchoma ulimi kama pilipili, na pilipili haikuwepo. Mstaafu alikuwa mzima kabisa na ndiye aliyekuwa anawamwagia maji. Kufika usiku wote walikuwa wamepoa, namshukuru Mungu, ila mwenye pumu alilazwa mpaka asubuhi.

Shangazi alizijua dalili hizo kama anavyojua sauti ya simu yake. Jodari akikaa kwenye joto masaa kadhaa hujitengenezea sumu kimyakimya. Haozi, hanuki, macho yanabaki maangavu. Na sumu hiyo ikishaingia, mchome mpaka awe mkaa, haitoki. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kuuliza nani alimpika. Alichotaka kujua ni kimoja. Samaki yule alipata joto wapi?

Bosi alikuwa na jibu tayari. Bosi ni mwenye mgahawa, mwanamume mwenye shati lililonyooshwa mpaka mikono, na mfukoni mwa shati hilo ilichungulia bahasha nyeupe. Alimweleza Shangazi, kwa heshima zote, kwamba mambo yako wazi. Mpokeaji wa mizigo amezeeka, alipokea samaki mbovu, na barua ya kumwachisha kazi ndiyo hii. Atampa saa kumi kamili. Shangazi aandike hivyo tu kwenye ripoti, kesho jiko lifunguliwe, maisha yaendelee.

"Na kama hakupokea samaki mbovu?" Shangazi aliuliza.

"Sasa nani tena, Shangazi? Samaki alijipokea mwenyewe?"

Ilikuwa saa nane na nusu. Shangazi alipenga kamasi, akaelekea mlango wa nyuma.

Mpokeaji waliyemsema alikuwa amekaa mlangoni pake kama kawaida, japo hapakuwa na mzigo wa kupokea. Anaitwa Mzee Gumba kwa sababu ya gumba la mkono wake wa kulia, ambalo kwa miaka kumi na tisa limebonyeza kila samaki, kila nyanya na kila mkate ulioingia mgahawani. Wauza vyakula wa mji ule hawasemi mzigo umekataliwa. Wanasema umebonyezwa. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo afukuzwe kwa kupokea samaki mbovu. Nani atamwajiri tena? Asingepoteza kazi tu, lile gumba lenyewe lingekuwa kichekesho cha soko zima. Naye alilijua hilo. Alikuwa amelificha ndani ya ngumi.

Meza yake ilikuwa safi kuliko za hospitali nyingi. Mizani, tochi, kipimajoto chenye sindano, chupa ndogo ya spiriti ya kuifutia sindano. Na daftari. Shangazi alilisoma pole kwa pole, na kwa vile vidonge vyake, mistari ile ilimpitia kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Maziwa, nyuzi nne, yamepokelewa. Mayai, manne yana ufa, trei imerudi. Kuku, maji ya pinki kwenye mfuko, wamerudi. Mchele, gunia limelowa pembeni, limerudi. Dereva amekasirika. Nyama, gari halina baridi, imerudi. Dereva amekasirika sana.

Jumatatu: jodari, nusu ya mkia, matamvua mekundu, yameonekana kwenye kichwa cha nusu nyingine, ngozi inang'aa, nyuzi mbili.

"Ulipima wapi, Mzee? Kwenye barafu?"

"Kwenye nyama, karibu na mfupa. Nikipima barafu si nitakuwa napima barafu?"

"Akaingia kwenye friji saa ngapi?"

"Saa moja na dakika nane asubuhi."

"Dakika nane zilikuwa za nini?"

"Saba za kupima. Moja ya kumsalimia muuzaji, ana mke mgonjwa."

Shangazi alimwambia wazi kuhusu bahasha ya saa kumi, akitegemea atajitetea. Mzee akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa kutanyesha. Akasema kama ni kuandika, Shangazi aandike. Lilimkaa vibaya hilo. Katika kazi yake alikuwa ameona wakosaji wengi wakijitetea. Asiyekosa anayekataa kujitetea, huyo hakuwa amemzoea.

Alisimama uani akapiga simu mbili. Ya kwanza kwa muuza samaki, ambaye alianza kuapa kabla hajaulizwa. Ya pili ndiyo iliyomzindua kidogo. Ile nusu nyingine, ya kichwa, ya jodari yuleyule mmoja, ilishushwa asubuhi ileile kwenye kantini ya ofisi za ng'ambo ya barabara. Ilipikwa Jumanne ileile. Wafanyakazi thelathini waliila, na aliyejikuna hakuwepo, labda yule mhasibu ambaye hujikuna mwaka mzima.

Samaki mmoja, majiko mawili. Kwa hiyo kwenye gari alikuwa mzima, na alipoingia kwa Mzee Gumba alikuwa mzima. Joto lilimkuta baada ya hapo, ndani.

Friji ya samaki ilisimama peke yake kwenye korido nyembamba nyuma ya jiko, ili harufu ya samaki isiingie kwenye siagi na maziwa. Ilikuwa ya zamani, nene, rangi ya krimu, na ilikuwa inanguruma kama mtu mnene aliyelala chali baada ya kushiba. Shangazi alisimama mbele yake kwa muda kuliko ilivyohitajika. Ile sauti ilikuwa tamu. Alitamani kuegemea.

Kwenye mlango palibandikwa karatasi ya joto. Saa moja asubuhi, nyuzi tatu. Saa nne usiku, nne. Mwezi mzima hivyo, tatu na nne, tatu na nne. Hakuna mtu aliyesoma katikati. Ndani, mpangilio ulikuwa wa kupigiwa mfano. Trei zimefunikwa, tarehe zimeandikwa, wa zamani mbele na wa karibuni nyuma, hakuna anayemdondoshea mwenzake maji. Kipimajoto chake kilisoma tatu. Alikuwa karibu kufunga alipoinua macho kwenye kile kisanduku cha juu cha kugandishia.

Humo mlikuwa na mfuko wa vipande vya barafu, lakini vipande vyenyewe havikuwepo. Ilikuwa bamba moja zima, tambarare chini, limejaa vizuri kwenye pembe za mfuko kama keki iliyochukua umbo la chombo.

Akaenda kwenye friji ya mboga, akatikisa mfuko wa barafu wa kule. Ukalia chakacha, chakacha, kila kipande kivyake. Akarudi. Barafu ya samaki ilikuwa imeyeyuka ikawa maji, kisha ikaganda upya. Umeme ungekatika, barafu ya friji zote mbili ingeyeyuka. Hii ilizimika peke yake. Na friji haizimiki ikajiwasha bila mtu.

Akafuata waya kwa macho mpaka ukutani. Swichi sita kwenye safu moja, na juu yake karatasi yenye maandishi makubwa: USIZIME. Tano kati ya hizo zilikuwa na utando wa manjano wa mafuta na vumbi, kama swichi zote za majikoni duniani. Ya sita, ya friji ya samaki, ilikuwa inang'aa. Ilikuwa laini na nyeupe kama kijiko cha zamani. Vidole viliifuta utando wake kila siku.

"Mama Moshi," Shangazi aliita, "nani huizima hii?"

Mama Moshi, aliyekuwa akizungumza tangu saa mbili asubuhi bila kumeza mate, akachukua sufuria kavu akaanza kulikausha. Akasema hajui. Halafu akasema labda panya. Mzee Gumba, aliyekuwa amesogea mpaka mwanzo wa korido, akatazama viatu vyake.

Shangazi hakubishana nao. Alinyoosha mkono akaizima mwenyewe.

Mngurumo ukakatika. Ukimya ukashuka koridoni, mzito na mlaini kama blanketi. Na hapo Shangazi akaona kitu ambacho mwanzo alidhani ni vidonge. Mama Moshi aliliweka sufuria chini kwa mikono miwili, polepole, lisilie. Akavua ndala zake. Mzee Gumba, bila kufikiri, akanyata hatua mbili kwa ncha za vidole na kuusindikiza mlango wa jiko kwa kiganja mpaka ukafunga kimya. Kisha wakabaki wamesimama, mabega juu, pumzi wamezishika. Ndipo wakagundua kuwa Shangazi anawatazama.

"Nani amelala?" aliuliza. Hata yeye alijikuta ananong'ona.

Mama Moshi alitazama ukuta wa nyuma ya friji, machozi yakaanza kumlengalenga. Basi yakatoka yote, kwa mnong'ono, mengine hewa tupu. Upande wa pili wa ukuta ule kuna stoo ya zamani ya unga, na ndani ya stoo hiyo sasa hivi kuna kitanda, na kitandani amelala Bibi. Bibi ni mama yake Bosi. Mgahawa aliuanzisha yeye, kwa sufuria moja na meza mbili, na wote walioko jikoni amewafundisha yeye kushika kisu. Siku ishirini zilizopita alitoka hospitali. Ngazi za juu haziwezi, akawekwa hapo. Daktari akasema mchana apumzike. Na friji inanguruma kichwani kwake!

"Wazo lilikuwa langu," Mzee Gumba akasema. "Kutoka saa nane mpaka saa kumi, wakati jiko limepoa. Nilipima. Masaa mawili, mlango usifunguliwe, inapanda mpaka tano. Nikaona si mbaya sana."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu mimi niliondoka saa tisa." Akalitazama gumba lake. "Masaa mawili nilipima. Matano sikupima."

Jumatatu ilikuwa na joto la kutoa jasho la kisigino. Saa kumi Mama Moshi alikwenda kuiwasha, lakini kwanza akachungulia stoo. Bibi macho kafumba, kifua kinapanda na kushuka. Akamwonea huruma, akasema robo saa tu. Akaja mwingine, akachungulia, akasema mwacheni. Wahudumu nao wakaja kwa zamu. Huku mlango wa friji unafunguliwa na kufungwa, kwani maandalizi ya jioni yalishaanza. Iliwashwa saa moja jioni. Kufika saa nne usiku ilisoma nne, ikaandikwa nne. Walipowaona walimu wanajikuna siku ya pili, wakatazamana, wakaelewa. Wakakubaliana kuwa Bibi asijue hata akifa mtu. Akijua kwamba usingizi wake umelaza mwalimu hospitali, hatapona. Mzee Gumba akasema lawama zije kwake, kwani amri ya kwanza ilikuwa yake.

"Andika ni mimi, mwanangu," alimwambia Shangazi. "Andika nilipokea vibaya."

Shangazi alikuwa ameshika kalamu. Aliwapenda, hilo halikuwa na ubishi, na alitaka pia kuwazaba vibao. Mtu mwenye pumu alikuwa amelazwa. Angeweza kuandika alichoombwa, kila mtu akanyamaza vizuri, halafu kesho saa nane swichi ikazimwa tena kwa mapenzi yaleyale.

Viatu vya Bosi vikasikika kwenye ngazi. Saa kumi kamili. Aliingia koridoni na bahasha mkononi, akauliza kwa sauti yake ya kawaida ripoti imefikia wapi, na watu wawili kwa mpigo wakamwashiria anyamaze, vidole midomoni mwao. Akashangaa. Akauliza tena kwa sauti ileile kwa nini friji imezima.

Ndipo upande wa pili wa ukuta mtu akakohoa.

"Nami nataka kujua," sauti ya Bibi ikasema. "Njooni hapa mnieleze."

Waliingia kwa mstari kama wanafunzi waliochelewa. Stoo ilikuwa na dirisha dogo la juu, na mwanga uliotoka humo ulielea juu ya kitanda pamoja na lile vumbi la unga wa miaka mingi ambalo halikuwahi kuisha kabisa. Bibi alikuwa mdogo kama mto wake. Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

Mama Moshi akaanza kuomba radhi kwa kumwamsha.

"Uniamshe nini? Mimi sijalala mchana hata siku moja tangu mnilete hapa." Akavuta shuka. "Hiyo friji niliinunua mimi. Nililala chini kando yake kwenye magunia nikiwa na mimba ya huyu," akamwelekezea Bosi kidevu. "Ikinguruma nalala. Ikinyamaza tu, macho yanatoka. Kila siku saa nane inanyamaza, nami nabaki naangalia dari."

"Lakini Bibi, Jumatatu nilikuona kwa macho yangu…"

"Jumatatu mlinitesa. Kila nikifumbua, kichwa mlangoni, kimeshika pumzi. Tisa, nilivihesabu. Nikasema hawa watoto wanapenda sana nilale, nisiwavunje moyo. Nikabana macho mpaka yakauma."

Mama Moshi alicheka kidogo kisha akalia. Shangazi ndiye aliyemweleza Bibi yaliyotokea, kwa maneno machache, bila kupunguza chochote: walimu kumi na mmoja, friji, masaa matano, mwenye pumu. Bibi alisikiliza na hakufa. Alifunga ngumi yake ndogo akapiga godoro mara moja. Akaagiza aandikiwe majina ya wale walimu, wote, atawaomba radhi mmoja mmoja.

Shangazi akaenda koridoni akawasha swichi, akarudi na kuandika hukohuko amesimama. Samaki alipokelewa salama. Friji ilizimwa masaa matano. Swichi ifungiwe kifuniko chenye kufuli leo hii. Joto lisomwe mara nne kwa siku, na moja iwe saa tisa mchana. Waliozima na walioiacha wafundishwe upya, wote, Mzee Gumba akiwemo. Akaisoma kwa sauti. Mzee Gumba aliposikia "salama", gumba likatoka ngumini lenyewe.

Bosi alikohoa. Akasema sawa, lakini uzembe ni uzembe, na barua yeye alishaiandika.

"Ilete," Bibi akasema.

"Mama, hii ni ya ofisi."

"Naijua. Si ile uliyomsomea mtu kwenye simu hapo koridoni Jumapili, ukidhani nimelala?"

Kalamu ya Shangazi ikasimama. Alihesabu siku kwenye vidole, polepole kwa ajili ya vidonge, na zikatoka vilevile. Samaki alikuja Jumatatu, na barua ya kumfukuza Gumba ilikuwa imeshaandikwa Jumapili. Bosi alikuwa amegeuka rangi ya ile friji.

"Bibi," Shangazi akauliza, "alikuwa anaongea na nani?"

Bibi alinyoosha mkono, na mwanawe mwenyewe akamkabidhi bahasha bila kuambiwa mara ya pili. Akaikunja mara mbili, akaitia chini ya mto, akaulaza mto juu yake, akaulalia. Upande wa pili wa ukuta friji ilikuwa imeshaanza kunguruma, naye akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka.

"Wewe Gumba, kesho saa moja uwe mlangoni pako. Na wewe mwenye mafua, njoo na hilo daftari lako. Nitakwambia jina la huyo wa kwenye simu, na alichoahidiwa, na alichojibu huyu mwanangu. Nimesikia mengi siku ishirini. Ila kesho, mwanangu. Sasa hivi tokeni wote, nina usingizi."